Posa yangu ilivyokwama kwenye jiwe la kaburi, Marungu

Wakuu, shikamooni wenye umri, wengine habari zenu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Labda kidogo kwenye sehemu ya shati.

Miaka ya sabini, uani kwetu Marungu kulikuwa na jiwe refu limelala, limechongwa miduara na mistari ya vishimo.

Wengine walisema ni bao la watu wa kale. Bibi yangu alishikilia ni kaburi. La nani? Hakujua. Wazee wake waliposhuka kutoka milimani walilikuta hapo.

Hata nguo tulikatazwa kuanika juu yake.

Sasa siku wakwe walipokuja kuniposa kutoka Ronge, babu yake Mwakio, mchumba wangu, alifika amechoka na jua. Akatafuta kivuli, akaketi. Mnajua alipoketi.

Bibi akanuna. Chai tayari, kibuyu cha mbangara, ile pombe yetu ya miwa, kiko tayari, yeye kimya.

Na kwetu Wataita, mwenye hasira akinyamaza nayo, jambo la heri haliendi. Lazima atase: aitoe hasira kwa maneno, kisha apulize pombe kutoka mdomoni na kubariki. Bibi akakataa katakata. Mimi jikoni nalia, naona ndoa inarudi Ronge bila mimi.

"Mama, uko na hasira na mimi?" yule mzee akamuuliza.

"Mimi sina shida. Mwenye shida ni huyo umemkalia."

"Anaitwa nani?"

"Sijui. Lakini mtu hachongewi jiwe hivi kama hakuna aliyempenda."

Mzee akainuka, akavua kofia, akaomba kibuyu. Akamtaka radhi marehemu asiyemjua jina wala ukoo, akajaza mdomo, akapuliza kwa nguvu zote.

Upepo wa Marungu hauna adabu. Pombe yote ikatua kwenye shati jeupe la Mwakio, aliyesimama kando ya babu yake.

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Halafu naye akachukua kibuyu, akatasa.

Wageni walipoondoka akaniita. "Nenda tu. Huyo mzee amemheshimu mtu ambaye hana wa kumtetea. Na wewe utakuwa mgeni huko."

Nilichojifunza: zile alama wasomi wazisome wanavyotaka, mimi nafuata maana ya bibi. Kama kwenu kuna jiwe la aina hii, tuambieni wazee wanasemaje.

Nimezeekea Ronge, wakuu. Hakuna siku niliyoonwa mgeni.