Vitone Vitatu vya Rangi ya Kucha

Mama Mdogo alipotaka kukuona usoni alikutazama sikio. Katikati ya kila jicho lake palikuwa pameingia kitu ambacho daktari alikieleza kwa maneno marefu, naye akakifupisha akakiita doa. Alichobakiwa nacho ni kuona kwa pembeni. Ukizungumza naye ungedhani anamtazama mtu aliyesimama nyuma yako, na wageni wengi waligeuka kumtafuta huyo mtu. Hilo lilimchekesha kila mara.

Ni mdogo wa marehemu mama yangu, na kwa miaka ishirini na tisa alikuwa opereta wa simu katika hospitali kubwa. Sizungumzii hizi simu za mfukoni. Alikaa mbele ya ubao wenye matundu mia mbili, kila tundu na wodi yake au ofisi yake, waya mkononi, anawaunganisha watu. Hakuwa na haja ya kuutazama ule ubao. Alijisifu kwamba angeweza kuipata maabara huku amegeuka anagombana na mtu mlangoni, na waliofanya naye kazi wanasema si uongo. Mkono wake ulijua. Tundu la maabara lilikuwa mahali pake Jumatatu, na Jumanne ulilikuta palepale.

Nayasimulia haya kwa sababu mimi ndiye niliyemharibia. Watu huniambia kosa halikuwa langu, nami huwashukuru, lakini kidole kilichobonyeza nakijua ni cha nani.

Mimi ni fundi simu. Mama Mdogo huniita Bisibisi tangu utotoni, kwa kuwa niliifungua redio yake nikashindwa kuifunga. Macho yalipoanza kumwishia, mjomba wangu, ambaye ni kaka yao mkubwa, alitaka ahamie kwake mara moja. Mjomba si mtu mbaya. Ni mtu anayetaka kila alicho nacho kiwe karibu na kimefunikwa. Kwake kuna chumba ghorofani, kina kitanda, zulia na dirisha linalotazamana na ukuta wa jirani. Mama Mdogo alikataa katakata. Alikuwa na vyumba vyake viwili, ufunguo wake, na jiko alilolijua kwa vidole. Walivutana mwezi mzima, mwisho wakakubaliana mbele yangu: siku atakayoshindwa kujisomea mambo yake mwenyewe, bila kuita mtu, atafunga mlango wake na kwenda.

"Tumepatana?" mjomba aliuliza.

"Tumepatana, kaka," Mama Mdogo alijibu, akimtazama sikio.

Alikuwa na sababu ya kujiamini. Simu yake ilikuwa na kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao, na hicho kivinjari kilikuwa na kitufe cha kumsomea mtu ukurasa kwa sauti, tena kwa Kiswahili kinachoeleweka. Vingine nilivyojaribu vilisoma kama mtu aliyejaza kokoto mdomoni. Upo pia mpango wa simu kutaja kila unachokigusa. Aliujaribu siku mbili akasema ni sawasawa na kuishi nyumba moja na wifi.

Kwa hiyo tulitengeneza ubao. Nilimshika kidole nikakiweka juu ya kitufe, akakiondoa, nami nikadondosha hapo tone la rangi ya kucha nyekundu. Tone moja juu kushoto, la kurudi nyuma. La pili juu kulia, la kurasa zake alizozihifadhi. La tatu chini kabisa pembeni, la kusoma. Yalipokauka yakawa vivimbe vidogo, akavipapasa, akatabasamu. Miaka miwili aliishi na vitone hivyo. Asubuhi gazeti, kuanzia taarifa za vifo, kwa sababu alisema anapenda kujua nani hatampigia simu tena. Kisha ukurasa wa kliniki ya macho, ambako kila mwezi waliweka barua yake: dawa ipi ya matone ipunguzwe, ipi iongezwe, lini arudi. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi mjomba alikuja kunywa chai, na barua hiyo ndiyo ilikuwa mtihani. Mama Mdogo alibonyeza, simu ikasoma, mjomba akamaliza chai yake akaaga.

Jumamosi moja aliniletea simu kibandani. Tundu la chaji lilikuwa limejaa vumbi. Nililisafisha, nikafuta kioo kwa uangalifu nisivibandue vitone vyake, kisha nikafanya ninachofanya kwa kila simu inayopita mikononi mwangu: nikaziapdeti programu zote, yaani nikaziwekea matoleo mapya. Sikumuuliza. Hakuna mteja ninayemuuliza. Ni kama kinyozi anayekupangusa nywele shingoni akimaliza kazi. Ungeshangaa asipofanya hivyo. Nilimrudishia simu nikijiona nimemtendea wema.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi. Nilikuwepo. Mjomba alikaa kwenye kiti chake, chai ikamiminwa, Mama Mdogo akaishika simu kwa namna yake, kidole gumba kikapita juu ya kioo, kikapata kitone cha pili, kikabonyeza. Kikashuka kwenye cha tatu, kikabonyeza.

"Viatu vya wanaume," simu ikasema. "Ngozi halisi. Rangi nyeusi, rangi ya kahawia."

Akabonyeza tena. Simu ikaendelea na soli. Akarudi nyuma, akaanza upya, polepole safari hii, kama mtu anayehesabu ngazi. Ikaja habari ya mchezaji mmoja na gari lake. Niliinua mkono nimsaidie, mjomba akanitazama, nikaushusha. Mama Mdogo alijaribu mara sita. Mara ya sita aliiweka simu mezani, kioo chini.

"Chai inapoa, kaka," alisema.

Mjomba hakufurahia, hilo lazima niliseme. Aliimaliza, akakizungusha kijiko kwenye kikombe kitupu kwa muda mrefu. Halafu akasema atakuja mwezi ujao kama kawaida, na kama mambo yatakuwa hivyo, basi.

Nilipoichukua simu na kuitazama ndipo nilipoelewa. Waliotengeneza kivinjari walikuwa wamekivua sura yote na kukivisha nyingine. Mstari wa kuandikia anwani, uliokuwa juu tangu enzi, ulikuwa umeshushwa chini. Vitufe vilikuwa vinaelea juu ya ukurasa ndani ya kijisanduku cha mviringo, ukisogeza ukurasa vinajificha, ukirudisha vinatokea, na vikitokea havijipangi vilevile: inategemea uko ukurasa gani. Mahali pa kitone cha tatu palikuwa pamewekwa matangazo.

Kibandani nagawana chumba na kinyozi. Yeye ana kioo kikubwa na viti viwili, mimi nina meza na taa. Kumbe mabishano yalikuwa yameshaanza huko bila mimi, maana nusu ya wateja wake walikuwa na kivinjari hichohicho. Mzee mmoja mwenye povu shavuni alisema ni sawa na mtu kuingia kwako ukiwa kazini akahamisha choo. Mwingine akasema binadamu wanalalamika kila kitu, hata mswaki ulipokuja walilalamika. Kinyozi mwenyewe alikuwa upande wa sura mpya, na hoja yake haikuwa ya kijinga.

"Mimi mkono mmoja una mashine," alisema. "Simu naishika kwa huu mwingine, kidole gumba hakifiki juu. Sasa kila kitu kipo chini. Walionifikiria mimi wamefanya dhambi gani?"

"Wamekufikiria wewe peke yako."

"Sasa kila mtu afikiriwe? Hiyo itakuwa programu au baraza?"

Tulibishana wiki nzima. Wateja waliingia kunyolewa wakatoka na msimamo. Mimi nilipandisha sauti kuliko wote, kwa sababu mwenye hatia ndiye hupiga kelele. Baina ya mabishano nilijaribu kila ninachokijua. Nilipekua mipangilio yote, hakuna pa kuvisimamisha vitufe. Nikarudisha toleo la zamani. Ukurasa wa kliniki ukakataa kulifungukia, ukidai halina usalama. Nikahamisha vitone, nikavibandika upya kufuata sura mpya. Mama Mdogo alivijaribu asubuhi moja, akanirudishia simu.

"Bisibisi, vitufe vinatembea," alisema. "Huwezi kupaka rangi kitu kinachotembea."

Ndipo nikamwambia kuna jukwaa kwenye mtandao, mahali ambapo wenye kivinjari wanapokea maoni, na watu wameshaandika kwa maelfu. Nilidhani atakataa. Alivuta kiti, akaketi wima kama alivyoketi mbele ya ubao wake, akaniambia niandike. Niliandika kama alivyotamka:

"Mimi nilikuwa opereta wa simu hospitali. Ubao wangu ulikuwa na matundu mia mbili. Mwaka mmoja wakubwa walitaka kuubadilisha. Walileta watu wawili, wakakaa nami siku tano, wakauliza mkono wangu unapita wapi na kwa nini. Ndipo wakabadilisha, na hata hivyo niliwasema. Ninyi mlikaa na nani? Sina ugomvi na urembo wenu. Naomba anayetaka vitufe visimame, kwake visimame. Vinginevyo nitahamishwa kutoka kwangu. Asanteni."

"Hilo la kuhamishwa tuliweke kweli?" nilimuuliza.

"Weka. Mtu asipojua unaumwa wapi atakuambia pole ya jumla."

Tulingoja. Kila jioni nilipita kwake kumwambia kama kuna kitu. Watu wengine waliyapenda maneno yake. Wengine walimwambia anunue simu ya vitufe, mmoja akamwambia dunia haimngoji mtu. Hayo sikumsomea. Siku ya tisa likaja jibu la mmoja wa wasanifu. Alishukuru kwa kushirikishwa simulizi hii. Alisema vipimo vyao vinaonyesha watumiaji wengi wanamaliza haraka zaidi kwa sura mpya. Alisema wanasikiliza daima. Chini yake pakaandikwa kwamba mjadala huu umefungwa.

Nilimsomea mara mbili kwa sababu aliomba.

"Ana adabu," alisema. "Angekuwa opereta mzuri. Nasi tulikuwa tunawaambia hivyohivyo: subiri kwenye laini, tafadhali. Halafu tunakunywa chai."

Jibu lile nilimsimulia kinyozi, ila la mjadala kufungwa nikalisahau. Kesho yake alinionyesha simu yake, alikuwa ameandika maoni yake mwenyewe: "Mimi naipenda hii mpya, lakini huyo mama mpeni yake." Alikuwa hajui kwamba mlango ulishafungwa, na kila akibonyeza kutuma, maneno yanarudi. Alibonyeza kama mara kumi.

Jumapili ya kwanza ya mwezi uliofuata mjomba alikuja. Simu ilikuwa mezani. Mama Mdogo hakuigusa. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kutokea, na nyuma ya mlango kulikuwa na mabegi mawili aliyoyafunga mwenyewe.

"Hujajaribu," mjomba alisema. "Jaribu kwanza, dada. Labda leo."

"Tulipatana, kaka."

Nadhani mjomba alitaka aombwe. Angeombwa angekubali, angeongeza mwezi, na mwezi mwingine. Lakini Mama Mdogo hakuwahi kumwomba mtu kitu, na hakuwa ameanza siku hiyo. Aliufunga mlango mwenyewe. Funguo akanipa mimi, nami sikuwa na pa kuziweka ila mfukoni, pamoja na bisibisi zangu.

Pale ghorofani walimpokea vizuri. Chakula kilifika kwa wakati, shuka zilibadilishwa, na barua ya kliniki alisomewa na mke wa mjomba, akimaliza shughuli zake. Nilipomtania kwamba sasa anaishi na wifi kwelikweli, alicheka kidogo, kwa heshima yangu. Ngazi zilikuwa na mwinuko mkali na hazikuwa na pa kushika, kwa hiyo hakushuka. Simu ilikaa kwenye droo. Gazeti hakuliulizia tena, hata taarifa za vifo.

Miezi minane baadaye, asubuhi, kinyozi aliniita kabla sijafungua meza. Kivinjari kilikuwa kimeleta toleo jipya. Kwa maombi ya watumiaji wengi, waliandika, sasa unaweza kuchagua vitufe visivyosogea. Palikuwa na alama ndogo ya kuwasha, basi. Kitu cha kidole kimoja. Kinyozi alinipiga begani, nami sikungoja mteja wa kwanza. Nilinunua rangi ya kucha, nyekundu ileile, nikakimbilia kwa mjomba.

Niliitoa simu kwenye droo, nikaichaji, nikaiapdeti, safari hii nikiwa nimemwomba ruhusa. Nikadondosha vitone vitatu mahali pa zamani, nikavipulizia vikauke. Mama Mdogo alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Nilimwekea simu kiganjani. Kidole gumba kikapita juu ya kioo, kikapata kitone cha pili, kikashuka kwenye cha tatu. Simu ikaanza kusoma barua ya kliniki, sauti ileile, bila kukosea neno. Moyo wangu ulinidunda kama wa mtoto. Nikamwambia tunaweza kurudi, funguo ninazo, nitazungumza na mjomba leo hii.

Aliiacha isome hadi nusu, kisha akaizima.

"Nimeshazoea kungoja watu," alisema.

Akageuza uso kunifuata sauti. Alinitazama machoni, moja kwa moja, kama watu wote wanavyotazamana, na hapo nikajua kwamba hata pembeni hakukuwa na kitu tena. Nikamuuliza tangu lini. Akasema kitambo, na kwamba hakuona sababu ya kumsumbua mtu.

Alikitafuta kitone cha kwanza kwa ukucha, akakikwangua. Halafu cha pili, halafu cha tatu, bila haraka, mpaka kioo kikawa laini. Akapangusa vumbi jekundu kwenye gauni lake, akanirudishia simu.

"Hebu nisomee wewe," alisema. "Wifi huwa anaruka mistari."

Nikaketi kando yake nikamsomea.