Koti la Joseph

Ilikuwa saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumatano moja ya mwezi wa Julai, nakumbuka, mzee mmoja alipoingia ofisini kwetu amebeba chupa ya maziwa mgando na kuuliza, "Joseph yupo?"

Mwanangu, kabla sijakuambia tulimjibu nini, ngoja nikueleze Joseph alikuwa nani. Nasikia Jumatatu unaanza kazi ya huduma kwa wateja kwenye kampuni ya magari, na kwamba mteja akipiga simu huko anapokelewa kwanza na mashine: bonyeza moja, bonyeza mbili, tafadhali subiri. Watu wanalalamika kwamba mashine imewafukuza binadamu kwenye simu. Mimi najua binadamu walianza kujificha mapema zaidi, kabla mashine haijaja. Nilikuwa mmoja wao.

Nilikuwa kijana, nimeajiriwa mapokezi katika gereji kubwa hapa mjini Arusha. Mezani tulikuwa wawili, mimi na dada mmoja aitwaye Neema, na simu moja. Gari likichelewa, mteja hakumtafuta fundi wala meneja, alimtafuta yule aliyemwahidi. Neema aliwahi kumwambia bwana mmoja kwamba gari lake litakuwa tayari Ijumaa. Halikuwa tayari, na wiki nzima yule bwana alipiga akimtaja kwa jina, akimfokea mpaka akalia. Ndipo tukamtunga Joseph.

Simu nikipokea mimi, nilikuwa Joseph. Akipokea Neema, Joseph alikuwa katoka: kaenda kujaribu gari barabarani, yuko kwenye kikao, kafuata vipuri. Fundi mmoja aliyeacha kazi alikuwa amesahau koti lake la kijivu, tukakivalisha kiti cha tatu, ili mteja akija mwenyewe aone kwamba Joseph hayuko mbali. Neema akamnunulia na kikombe. Tulicheka sana siku zile.

"Joseph ndiye mfanyakazi bora hapa," Neema alikuwa akisema. "Haugui, hali, na mshahara hadai."

Sasa turudi kwa mzee. Jina lake Elirehema, mkulima wa nyanya kule juu Momela. Alikuwa na pikapu moja kuukuu, na klachi ilikuwa imekwisha. Mpwa wake ndiye aliyeileta ikivutwa, kwa hiyo mzee mwenyewe hakuwahi kuniona. Alinijua kwa sauti tu. Alikuwa akipanda hadi mahali penye mtandao ili anipigie, na kila mara nilimwamkia vizuri, nikamuuliza habari za nyumbani, nikamwambia kifaa kinatoka Dar, asiwe na wasiwasi, Ijumaa anachukua gari lake. Ijumaa ilipita. Nikamtajia Ijumaa nyingine, nayo ikapita. Nyanya zake zilikuwa zimeiva, soko la Tengeru lilimngoja, na gari la kukodi lilikuwa halipatikani kwa urahisi kule juu.

"Joseph katoka, baba," Neema alimjibu. "Shikamoo."

"Marahaba, binti yangu. Basi nitamngoja." Akakaa kwenye benchi, akalitazama lile koti. "Na baridi hii katoka bila koti?"

Niliinamia makaratasi yangu kama mtu mwenye kazi nyingi. Ningefungua mdomo tu, angeijua sauti. Hebu fikiria, mwanangu: mzee wa umri wa babu yangu ameingia, ameketi hatua chache kutoka nilipo, nami sikumwamkia. Hapa kwetu hata mtoto mdogo angeonywa.

Neema akamtengenezea chai, akaenda kuwapelekea mafundi karatasi zao. Tukabaki wawili. Mzee akaniambia, bila kungoja nimjibu, kwamba Joseph ni kijana mwenye adabu, amelelewa. "Wengine ukiwapigia wanaanza na namba ya gari. Yeye anaanza na shikamoo. Mama watoto kasema nisije mikono mitupu." Akaiweka chupa ya maziwa juu ya kile kiti, mbele ya koti.

Simu ikalia. Nikaiacha ilie.

"Pokea, kijana," mzee akasema. "Pengine ni mtu mwenye shida."

Nikapokea. Alikuwa mama mmoja mtu mzima, na mazoea ni kitu kibaya. Mdomo ukasema wenyewe: "Shikamoo mama, Joseph hapa, nikusaidie nini?"

Nyuma yangu nikasikia, taratibu kabisa, "Marahaba, Joseph."

Sijui yule mama nilimwambia nini. Nilipoweka simu, mzee alikuwa akinitazama, hana hasira usoni, kama mtu anayesoma bango na kurudia tena kulisoma.

"Nyumbani wanakuitaje?"

"Aminieli."

"Nani alikupa?"

"Babu mzaa baba."

"Basi babu alikupa jina ulitumie." Akageuka kulitazama koti. "Gari ni chuma, Aminieli, chuma kinaharibika, sina ugomvi nacho. Lakini Jumapili iliyopita nimesimama kanisani nikamwombea Joseph, kwamba Mungu amtie nguvu, maana naona kazi imemzidi. Sasa niambie, ile sala imeenda kwa nani?"

Nikasimama, nikamwambia twende kwa fundi.

Tulimkuta Fundi Massawe chini ya gari jingine. Akatoka mafuta mpaka kwenye nyusi, akasema, "Ile pikapu ya Momela? Mimi nilikuwa nangoja Joseph aniambie kifaa kimefika. Kwani yeye yuko wapi siku hizi? Simuoni."

Mwanangu, hata mafundi walikuwa wakimsubiri. Tukaenda stoo. Klachi ilikuwa kwenye rafu, imefungwa kwenye boksi lake, imeandikwa jina la mzee. Imefika tangu wiki iliyotangulia. Mtunza stoo alikuwa ameacha ujumbe mezani kwetu kwamba Joseph aje aichukue; mimi nikadhani Neema ameushughulikia, naye akadhani mimi.

Massawe alianza kazi saa ileile, na jioni pikapu iliondoka. Mzee akiwa ameshika usukani nikamuuliza amepoteza kiasi gani, nikitaka nimlipe kidogokidogo. Alinitajia, akakataa kulipwa. "Mimi nakudai jambo moja tu. Kesho mtu akipiga, mwambie jina lako." Kisha akaonyesha ofisini kwa kidevu. "Na yale maziwa kunywa wewe. Joseph hayatamfaa."

Kesho yake nilianza. Meneja hakupenda, na Neema alisema nimejitia kitanzi. Wiki za kwanza nilifokewa kweli. Lakini kwa kuwa wateja sasa walinijua kwa jina, nililazimika kwenda kuuliza kwa fundi kabla sijaahidi, na kwa kuuliza nikaanza kuelewa magari, na kwa kutaka kuelewa zaidi nikaanza kununua vitabu vya ufundi na kujisomea. Gereji yangu hii ya Usa River ilianzia hapo. Koti tulimpa mlinzi wa usiku. Lilimtosha.

Basi Jumatatu ukiketi kwenye meza yako, kumbuka kwamba mtu atakayekufikia amekwishabonyeza namba zote, amesikiliza muziki, amekatiwa na kupiga upya. Anachotafuta ni mtu mmoja wa kushika jambo lake. Mpe jina lako lile la nyumbani. Usimtajie siku ambayo hujaiuliza kwa fundi. Kama hujui, sema hujui, umwambie utampigia saa ngapi, na saa hiyo upige hata kama bado huna habari njema. Akikufokea, msikilize amalize, maana hasira ile ameibeba kwa muda mrefu bila kupata wa kumpa. Jambo ambalo kila mtu anadhani liko mikononi mwa mwingine halifanywi na yeyote. Nililiona kwa macho yangu likiwa juu ya rafu ya stoo.

Mungu akubariki katika kazi hiyo, akupe masikio ya kusikiliza na ulimi usioahidi ovyo, na wazee watakaokuombea wakuombee kwa jina lako. Nami hesabu ya Mzee Elirehema sijaisahau hadi leo: matenga kumi na manne ya nyanya, yameozea shambani, kila tenga shilingi elfu ishirini. Jumla, laki mbili na elfu themanini.