Kitabu Kilichozikwa Pamoja na Hakimu

Mume wangu Wilfred aliajiriwa kwa sababu ya uso. Mungu alimpa uso mrefu, mashavu yameshuka, macho ya mtu aliyefiwa jana. Bwana Entwistle, mwenye kampuni ya mazishi hapa mjini kwetu, jimbo la Lancashire, Uingereza, alimtazama mara moja tu akamwambia aanze Jumatatu. Kazi yake ni kutembea mbele ya gari la maiti, koti jeusi na kofia ndefu nyeusi, hatua moja moja, utadhani aliyekufa ni mama yake mzazi. Watu huanza kulia wakimwona tu. Laiti wangejua mle kichwani mna nini!

Maana Wilf ana ugonjwa wa vitabu vya kuchekesha. Si vya siku hizi, la hasha. Anataka vile vya kabla ya vita, vya mabwana wenye majumba makubwa na vichwa vitupu, wasioweza hata kuchemsha yai. Baba zetu sisi walikufa na pamba za kiwandani vifuani mwao, na huyu anakaa kuwacheka malodi huku chakula kinapoa. Anavyo kumi na vinne. Akimaliza cha mwisho anarudia cha kwanza, na mchezo huo una miaka thelathini na sita sasa. Siku moja nilimuuliza anacheka nini na mwisho anaujua. Akasema anacheka kwa sababu anaujua: anaiona balaa inakuja tangu kurasa kumi nyuma, na yule mjinga kitabuni haioni. Nikamwambia mjinga mimi namwona, amekalia kiti changu.

Matatizo yalianza alipoangua kicheko akisoma ndani ya gari la maiti nje ya kanisa, wafiwa wakiwa ndiyo kwanza wanatoka. Bwana Entwistle alimweleza kwa upole kwamba akirudia atakabidhi kofia na kwenda zake. Tangu hapo kila asubuhi akawa anampapasa mifuko kama polisi. Na Wilf ana miaka hamsini na minane. Nani atamwajiri mzee mwenye uso ule? Akauze aiskrimu?

Basi akaja kwangu na kofia, akaniomba nimshonee ndani yake mkanda wa mpira wa kushikilia kitabu. Nikamwita mwendawazimu. Kisha nikashona, sitaki kuficha. Mwaka mzima hakuna aliyejua. Ibada ikiwa inaendelea kanisani, yeye yuko nyuma ya makaburi anasoma, kengele ikilia anakirudisha kitabu kichwani na kuvaa msiba wake.

Ikafika siku ya kumzika Hakimu Lionel Openshaw, mtu ambaye hata mbwa walimpisha njia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya watu, maana chai ya ukumbini nilikuwa naiandaa mimi. Jeneza likateremshwa. Desturi ni kwamba aliyeongoza msafara husogea ukingoni, huvua kofia na kuinamisha kichwa. Wilf akasogea, akavua, akainama. Nikasikia pu! Uzi wangu ulikuwa umekatika. Kitabu, jalada la njano, picha ya mtu anamkimbia bata, kililala juu ya jeneza la hakimu katikati kabisa.

Kwingine watu wangepiga kelele. Kwetu, watu sitini walikuwa pale na hakuna hata mmoja aliyeona kitu. Wote waligundua kwamba mawingu ya siku hiyo yanapendeza mno. Kasisi alikohoa, akaendelea alipoishia. Mjane, Bi Hester, alichota udongo akautupa, ukatua juu ya bata. Baadaye ukumbini wakasifu mkate, kwamba ni laini.

Bwana Entwistle peke yake ndiye aliyekuwa na macho. Alimwambia Wilf aende kesho yake kuomba radhi, na neno moja tu la lawama kutoka kwa mjane, kazi imekwisha.

Tulikwenda pamoja. Mshono ni wangu, ningebakije nyumbani? Bi Hester alituketisha, mgongo wake umenyooka, jicho kavu. Hakuna aliyekuwa amemwona akilia tangu mumewe afe. Wilf akaomba radhi vizuri, kwa sauti ile ya makaburini. Bi Hester akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nimemzika mume wangu na kitu nisichokijua," akasema. "Kimeandikwa nini humo? Nisimulie."

Wilf akanitazama. Ningefanya nini? Akaanza, taratibu, kama anasoma wasifu wa marehemu. Kuna kanali mmoja, alisema, shujaa wa vita, ambaye kuna mwanamke anataka kuolewa naye kwa nguvu. Kanali amekimbilia kwenye banda la kuku la jirani, na magwanda yake na nishani zote. Sasa jirani amemleta askofu kuja kuwaona kuku. Anabisha hodi, na kanali, kwa adabu zake, anaitikia: karibu.

Hapo uso wa Wilf ukaanza kuporomoka. Naujua uso ule. Akaziba mdomo, mabega yakatikisika, kicheko kikamtoka puani. Nikajua tumekwisha.

Kisha nikasikia sauti nyingine, nyembamba, ya kukwaruza, ya kitu ambacho hakijatumika siku nyingi. Alikuwa Bi Hester. Alicheka mpaka akashika meza, na katikati ya kucheka akaanza kulia, machozi ya kweli, nami nikalia kwa kumwona.

"Miaka arobaini na moja," akasema. "Hakuwahi kucheka mbele yangu, wala mimi mbele yake. Tulikuwa tunaoneana haya."

Akajifuta macho, akaivuta simu, akakohoa mara moja kurekebisha sauti.

"Bwana Entwistle? Ni Hester Openshaw. Kile kitabu niliagiza mimi kiwekwe. Kuna tatizo lolote? Vizuri."

Akakata simu, akamgeukia mume wangu, akajiweka sawa kitini.

"Haya, Bwana Wilfred. Askofu ameshafungua mlango."