Kutoka Mombasa, Leo

Kwetu Molo chakula cha wageni hupikwa kwa simu. Mgeni akipiga akiwa Naivasha, viazi vinamenywa. Akifika Gilgil, nyama inaingia sufuriani. Akisema yuko Nakuru, maji ya ugali yanawekwa jikoni. Mama ndiye aliyeweka sheria hiyo, na haki ya nani, hajawahi kumpa mgeni chakula baridi.

Sasa, dada yangu mdogo alikuwa amepata mchumba huko Mombasa anakofanya kazi. Mama alimpenda kijana kwenye simu, akapenda hata kucheka kwake, lakini ndoa aliikataa katakata. Sababu moja tu: umbali. "Nikiugua leo, utakuja ukute nimeshazikwa," alimwambia. Dada alilia wiki nzima. Mwishowe Mama akakubali angalau wazazi wa kijana waje tuonane, ndipo aseme neno la mwisho.

Siku yenyewe, saa moja asubuhi, dada akapiga simu: "Tumeondoka!" Mama akaanza kuhesabu barabara kwa vidole. Mpaka Nairobi, masaa tisa. Kisha Naivasha, Gilgil, na kijana lazima angesimama Kikopey, maana mwanaume gani anapita zile nyama choma hivi hivi? "Hao ni wa saa nne usiku," akaamua. Mbuzi akaachwa ale majani kwa amani. Sisi tukavaa gambuti tukaingia shambani kuchimba viazi.

Saa sita haijafika, gari likaingia langoni, tena likitokea upande wa Mau Summit, si wa Nakuru. Nilidhani ni mnunuzi wa viazi aliyepotea. Akashuka dada. Akashuka kijana. Kisha wazazi wake, na nguo zao nyepesi za pwani, wakitetemeka kwa baridi yetu. Wee! Mama alikuwa na matope mpaka magotini, na kitambaa chenye tundu kichwani. Wakwe wanakukuta hivyo, siku ya kwanza! Nilitamani ardhi inimeze.

"Kwani mlisafiri usiku kucha?" Mama akauliza kwa ukali, aibu ikiwa imegeuka hasira.

"Hapana, mama. Chai tumekunywa Mombasa," akajibu mamake kijana.

"Leo?"

"Leo hii. Tumepanda ndege mpaka Eldoret, mwendo wa saa moja na kitu tu. Kisha hili gari."

Dada alikuwa ameinama, anabana kicheko. Alitufichia makusudi, mjanja yule! Mama akatazama barabara ya Nakuru, ile aliyoihesabu, kisha akageukia upande walikotokea. Yeye kwenda kliniki Nakuru na kurudi humchukua siku nzima. Niliona midomo yake ikihesabu upya. Dada sasa hakuwa akicheka tena.

Bila kuambiwa, mamake kijana akachukua kisu akaanza kumenya viazi, vibaya mno, nusu ya kiazi ikienda na ganda. Mama akapasuka kicheko mpaka akashika kiuno. Jamani, nilifurahi nikataka kuruka!

Akamnyang'anya kile kisu, akamshika mkono na matope yake yote.

"Haya, mchukueni," akamwambia. "Lakini nikimtaka, namtaka siku hiyo hiyo."