Walivyomkata Annah Maneno

Annah ni mlinzi wa mlangoni kwenye kliniki moja hapa Oud Metha, Dubai, na mimi, Mganda, nafanya usafi humo humo. Tunalala chumba kimoja, kitanda chake chini, changu juu, mwaka wa nne sasa. Si mtu wa maneno mengi. Ila mtajie mto wa kwao, magharibi mwa Kenya, uone kama utapata nafasi ya kuongea.

Mvua za kwanza zikinyesha, anasema, samaki waitwao ningu walikuwa wanapanda mto kwenda kutaga mayai, na wanawake waliingia majini na vikapu. Siku hizi hakuna. Ulipokuja mradi wa kuwarudisha, kijiji kilifurahi, mpaka kiliposikia kwamba mazao yote ya ukingoni yang'olewe na pazungushiwe ua, udongo usiingie mtoni. Mama yake Annah ana kipande cha shamba la nduma pale pale ukingoni. Ndicho kilichomsomesha Annah, na ndicho kinachomlisha mama hadi leo. Watu wa mradi walimwendea mara tatu, akawajibu vile vile: "Annah asiposema, sing'oi hata jani."

Francis alilijua hilo. Ni dereva wa kliniki yetu, mtoto wa kijiji hicho hicho, tena mwenyekiti wa kundi lao la hapa Dubai. Siku moja wakati wa chakula akamjia Annah, mpole kupita kiasi.

"Sister, baraza la kijiji kuhusu mradi ni Jumamosi. Si urekodi kitu kidogo, chifu aonyeshe watu? Ongea tu ukweli wako."

Simu niliishika mimi, ndiyo maana nasimulia kwa uchungu. Annah alieleza habari za ningu huku akicheka, akasema anatamani sana warudi. Kisha akakaza uso: "Lakini shamba la mama yangu lisiguswe. Tafuteni njia nyingine." Nilimsikia kwa masikio yangu haya.

Jumapili Francis akaiweka video kwenye kundi. Annah anacheka, Annah anatamani ningu warudi, basi. Imeishia hapo.

Tulimkuta anafuta gari. "Na yale mengine yako wapi?" Annah akauliza.

"Ilikuwa ndefu, watu wangechoka. Khalas, yamekwisha, baraza limepita, wamekubali. Jumatatu kazi inaanza." Alipoona hatuondoki, akatupa kitambaa chini. "Nimepewa kazi ya kusimamia huo mradi. Miaka tisa niko hapa, Annah. Mimi pia nataka kurudi nyumbani."

Mtu tuliyekula naye sahani moja! Nilimtukana kwa Kiganda mpaka kikaniishia. Annah alikuwa tayari anapiga simu kwao, amwahi mama yake kabla watu wa mradi hawajafika shambani Jumatatu.

Mama alipokea akihema. "Nilikuona kwenye simu ya chifu, mwanangu. Umenenepa kidogo." Akacheka. "Sikuwangoja wale watu. Nilisema, kama ni Annah anayetaka, nitang'oa mwenyewe. Tangu nitoke kanisani niko shambani, na sasa hivi ndiyo nimemaliza. Nimefanya vizuri?"

Annah aliniangalia.

"Ndiyo, Mama," akasema. "Umefanya vizuri."