Mtaro wa Jumapili

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti ofisi ya maji ya wilaya, Nyeri, nikiwa nimevaa tai. Msimamizi wa mafundi alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni, akaniuliza, "Wewe umekuja kuzika mabomba ama umekuja kuoa?" Kabla ya chai ya saa nne tai ilikuwa mfukoni, nami nilikuwa ndani ya mtaro, matope hadi magotini, nikicheka na wenzangu. Nilijua pale pale kwamba nimepata kazi yangu.

Uhuru ulikuwa bado mbichi, na kila kijiji kilitaka maji ya bomba. Serikali ilileta mabomba na fundi, wananchi wakaleta mikono. Tuliyachukua maji juu, karibu na msitu wa Mlima, tukayaacha yateremke yenyewe bila mashine. Kila boma lilipewa kipande chake cha mtaro kuchimba. Nyinyi vijana mnafungua mfereji jikoni mkidhani maji huzaliwa ukutani. Haya, sikilizeni.

Shida kubwa ya mtaro ni kina. Lazima uteremke sawasawa. Ukiacha nundu, hewa inakwama hapo ndani ya bomba, maji yanagoma, na wote walio chini wanabaki na ndoo kavu. Kwa hiyo tulipima kwa fito tatu zenye vichwa kama herufi T. Mtu mmoja anasimamisha ufito wake mwanzo wa kipande, mwingine mwisho, wa tatu katikati. Yule wa kwanza anafumba jicho moja na kutazama kama vichwa vyote vimelingana. Cha katikati kikizidi, chimba tena. Ni kazi ya watu watatu, hata uwe na nguvu za Samsoni. Na mimi fundi sikuruhusiwa kushika ufito, kwa sababu mkaguzi hawezi kukagua kazi aliyoipima mwenyewe.

Katika mradi mmoja upande wa Karatina, kamati ilikata shauri kwamba siku ya kuchimba ni Jumamosi, na boma lisilochimba halitapata mfereji. Watu wakapiga makofi, isipokuwa Kariuki. Huyu alikuwa mpasua mbao, na siku za wiki alilala huko huko msituni kazini. Tena alikuwa amejiunga na kanisa linaloshika Sabato, kwa hivyo Jumamosi hakugusa hata panga. Mke wake, Mama Wambui, alibaki katika kanisa letu la Jumapili, lililokuwa kando kabisa ya mtaro. Walipendana sana wale watu, msinielewe vibaya. Ni siku tu zilizowatenganisha.

Mama Wambui alinijia uso umemwiva kwa wasiwasi. "Fundi, mimi nataka hii maji. Nimebeba ya mto tangu niolewe. Lakini nikitoka Jumamosi peke yangu, watu watasema ati kwangu hakuna mwanaume. Na Baba Wambui akitoka Jumamosi, atakuwa amemkosea Mungu wake. Sasa nifanye nini?"

Swali hilo nililipeleka kwa Bwana Afisa wa Maji wa Wilaya. Alitoa kiko mdomoni, akasema, "Kijana, mimi nilisomea maji. Jumamosi na Jumapili sikusomea. Rudi ukaongee na watu."

Nikaongea. Kariuki akasema basi atachimba Jumapili. Lo! Jumapili hiyo mchungaji yuko katikati ya mahubiri, tukasikia nje, ng'wa! ng'wa! Mtaimbo juu ya mwamba, maana kipande chake, maskini, kilikuwa mawe matupu. Mchungaji akapandisha sauti, Kariuki naye akapandisha mtaimbo. Watoto walicheka hadi benchi zikatikisika. Mwenyekiti wa kamati, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa, alinifuata baada ya ibada akiwa amefura.

"Huyu anamtukana Mungu mlangoni pake! Fundi, toa boma lake kwa mradi."

Nilikwenda kukagua. Kipande kilikuwa na nundu mahali pa mwamba. "Ningepima na nani?" Kariuki aliniuliza, mikono imechubuka. Bomba lisingepita pale, na mwenyekiti akapata sababu. Alitaka bomba lizungushwe upande wa pili na boma la Kariuki liachwe nje. Kamati ingeamua Jumatatu baada ya Jumapili ijayo. Niliumia moyo, nisiwadanganye.

Jumapili ikafika, mtaimbo ukilia nje kama kawaida. Wakati wa matangazo Mama Wambui akasimama.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Yesu aliuliza, ng'ombe wako akitumbukia kisimani siku ya Sabato, si utamtoa? Ng'ombe wangu ndiye huyo mnasikia." Kanisa liliangua kicheko, mchungaji akashikilia mimbari asianguke. Mama Wambui hakucheka. "Mimi naenda kumshikia ufito. Tukiwa naye tuko wawili. Bado mtu mmoja."

Hapo tukamwona mke wa mwenyekiti akimsukuma mumewe kwa kiwiko. "Si ni wewe unajua mahali nundu iko? Enda!"

Mzee akaenda, na koti lake la kanisani. Yale yalikuwa mahubiri mafupi kuliko yote niliyowahi kusikia, kwa sababu kila mtu alitaka kuona. Tulimkuta mwenyekiti amepiga magoti kwenye udongo, jicho moja limefumbwa, akipiga kelele, "Bado! Bado! Ongeza, Kariuki! Mama Wambui, usitingishe!" Akina mama wakaleta uji. Hata mchungaji alishika sururu kidogo. Jua lilipoanza kushuka mzee akasema, "Hapo! Hapo kabisa!" akamkumbatia Kariuki, matope kwa matope. Nikakagua, nikapitisha kipande kile kwa furaha kubwa.

Baadaye nilihamishiwa Kianyaga, kisha Sagana, nami nikawa msimamizi wa kuwauliza vijana wenye tai kama wamekuja kuoa. Sasa nimestaafu. Watu huniuliza kama imani ya mtu, ndoa yake na wajibu wake kwa nchi vinaweza kukaa nyumba moja. Vinakaa, na vinagombana pia. Ni lazima mtu atoke nje akashike ufito. Na wakitaka kujua ilikuwa na faida gani, nawaeleza siku ya kufungua maji.

Tulifungua Jumatano, siku isiyodaiwa na kanisa lolote. Mfereji wa Kariuki ulipiga mluzi wa hewa, ukatema matope mekundu, halafu maji yakaja, safi, baridi ya Mlima. Akina mama walipiga vigelegele. Mama Wambui alimwita binti yake, ambaye mwaka ule ndipo angeanza kwenda mtoni. Wanawake wetu walibeba maji mgongoni kwa ukanda wa ngozi unaopita juu ya kichwa, na ukanda ule huacha bonde kwenye paji la uso maisha yote. Mama Wambui alipitisha kidole kwenye bonde lake, kisha kwenye paji laini la mtoto.

"Yako itabaki hivi," akamwambia.

Kariuki akageukia ukuta akalia, na mimi nikalia naye.