Baba Mkwe Alijibu

Mhariri amenisumbua nieleze yale ya kliniki ya Kibomet, kana kwamba sina maharagwe ya kupukuchua. Haya.

Nilikuwa kwenye benchi nikingoja dawa ya magoti. Mzee mmoja akaingia na mke wa mwanawe, koo la msichana limejaa usaha. Kwetu mke wa mwana hasemi ovyo mbele ya baba mkwe, wala hawagusani, kwa hivyo msichana alikaa ameangalia ukuta.

Nesi akauliza, "Mama, penisilini imewahi kukuletea shida?"

"Haijawahi," mzee akajibu. "Huyu ni mzima kama ng'ombe."

Msichana akatikisa kichwa, akajikuna mikono, akashika shingo. Mzee akacheka. "Ati anaogopa sindano, bana!"

Nesi naye akamwamini, akadunga. Woi! Midomo ilifura tukiangalia, pumzi ikapiga filimbi, akaanguka. Mzee mwenyewe ndiye aliyembeba hadi kitandani. Nesi akamdunga adrenalini huku sisi tukiomba kwa sauti.

Pumzi iliporudi, msichana alinong'ona, "Nikiwa mdogo kule Bungoma, sindano hiyo karibu iniue."

"Usidungwe tena," nesi akasema. "Kila daktari umwambie kwa mdomo wako. Na wewe mzee, toka nje!"

Heshima ni nzuri, lakini koo lina mwenyewe. Nasikia kwa kuwa mzee alimshika mke wa mwanawe, wazee wa ukoo walidai atakaswe. Alipeleka kondoo wa utakaso Bungoma kwa wazazi wa msichana, na ikabidi aeleze mwenyewe ni kwa nini alimbeba.